Ndege Atazame Vifungo

Duka la ushonaji lililo kwenye kona ya mtaa wetu lina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: ndege atazame vifungo. Nembo ya shati au sweta ikiwa na ndege, awe jogoo wa timu ya mpira au tai wa shule ya sekondari, mdomo wake lazima uelekee katikati ya kifua, kwenye mstari wa vifungo, kamwe si kwenye kwapa. Marehemu fundi aliyelianzisha duka alikuwa akisema kwamba ndege anayetazama kwapa anaonekana kama anamkimbia aliyemvaa. Watoto wake wawili walirithi duka pamoja na sheria hiyo.

Mkubwa ni mwanamume, naye hukata na kushona. Mdogo ni mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Tarizi, kwa sababu kazi yake ni kutarizi nembo kwa mkono. Alizaliwa katika vyumba vilivyo nyuma ya duka, na kabla hajajua kusoma alikuwa akitenganisha vifungo kwa rangi na kuvitia kwenye makopo. Baadaye aliolewa, akazaa, akalea. Mabinti zake walipoolewa na kuhamia mabondeni, na mumewe alipotangulia mbele ya haki, alirudi kwenye kiti kilekile cha utotoni, chini ya dirisha la duka. Dirisha ni moja tu. Linapokea jua tangu asubuhi, na nje yake, juu ya ukuta wa jirani, umetambaa mmea wenye maua mekundu. Nyuma ya ukuta kuna mapaa ya mabati, na nyuma ya mapaa kuna mlima.

Mtu wa tatu dukani ni mke wa kaka, ambaye hupokea wateja na kupiga pasi. Yeye na Mama Tarizi ni mawifi wa kweli, yaani hawapitishi asubuhi bila kuchokozana.

Shida ilianza kaka alipoleta mashine ya kushona matundu ya vifungo. Aliinunua kwa fundi aliyestaafu, akaifunika shuka, akaiweka katikati ya duka kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Kila mteja aliyeingia aliigonga kwa goti.

"Hii itakaa wapi?" wifi aliuliza.

Kaka hakumtazama mtu. "Inataka mwanga na umeme," alisema. "Soketi iko pale dirishani."

Mama Tarizi aliendelea kuchoma sindano yake kana kwamba hakusikia. Kaka akasogeza kigoda, akaketi karibu naye, ishara kwamba alikwisha kulifikiria jambo hilo vya kutosha.

"Mdogo wangu, sikufukuzi. Lakini wenye nembo wanashuka mjini siku hizi, kwenye mashine ya kompyuta. Wewe ukimaliza jogoo mmoja, wao wametoa banda zima. Matundu ya vifungo ndiyo kila shati linayataka. Utakaa kule ndani, utashona vifungo, maisha yataendelea."

"Kule ndani kuna giza, Kaka."

"Vifungo havihitaji macho sana."

Huenda mambo yangekwisha hivyo kama Darubini asingeigonga mashine kwa goti wiki hiyohiyo. Darubini ni katibu wa chama cha waongoza wageni wanaopanda mlimani. Jina lake la nyumbani wachache wanalikumbuka, kwa kuwa darubini haimtoki shingoni hata akienda kununua chumvi. Alikuja na sweta jipya la kijani mkononi.

"Tunataka bundi hapa kifuani," alisema. "Wageni wengi wanapanda kumtafuta bundi mkubwa wa miamba. Ndiye anayetulisha."

"Hamwogopi mkosi?" wifi aliuliza huku akipulizia maji suruali ya mtu.

"Mmoja wetu aliuliza hivyo hivyo. Tukapiga kura, mkosi ukashindwa." Akamgeukia Mama Tarizi. "Fundi, tengeneza sampuli. Jumamosi tuna mkutano. Ikiwapendeza wenzangu, masweta yote na kofia zote zinakuja hapa. Isipowapendeza, wapo wanaotaka twende kwenye kompyuta."

Alipotoka, kaka na dada walitazamana.

"Wakikubali, dirisha ni lako," kaka alisema. "Wakikataa, mashine inahamia hapo Jumamosi jioni."

Mama Tarizi alichora bundi wake kama alivyozoea kuchora ndege wote tangu utoto: ubavuni, mdomo kwenye vifungo, jicho moja la mviringo, bawa, mkia. Akaongeza vishungi viwili kichwani, kwa kuwa kila mtu anajua bundi ana masikio. Alitarizi kwa uzi wa kahawia, mishono ikilala sawasawa kama nyasi zilizopigwa na upepo. Kwa kazi ya sindano, hapakuwa na kasoro.

Darubini aliipeleka nembo mlangoni penye mwanga. Akaitazama kwa karibu, kisha akaiweka mbali, kisha akaisogeza karibu tena.

"Kasuku huyu ametulia," alisema.

"Ni bundi," alisema Mama Tarizi.

"Na hivi vishungi?"

"Masikio yake."

"Basi ni kasuku aliyetoka saluni."

Wifi aliangua kicheko, akashika ukingo wa meza, na ikabidi kaka mwenyewe aiinue pasi kabla haijamaliza suruali ya mteja. Mama Tarizi hakukasirika. Alichukua nembo, akaitazama kama Darubini alivyoitazama, karibu na mbali, na alichokiona hakikuweza kukanushwa. Mdomo uliopinda, jicho moja, kichwa cha mviringo: alikuwa kasuku, tena wa kufugwa.

Kesho yake alimtarizi upya. Safari hii bundi alitazama mbele moja kwa moja, macho mawili, kifua wazi. Kaka alipoiona hakuhitaji kuipeleka mlangoni.

"Huyu anamtazama nani?"

"Anatazama mbele."

"Vifungo viko pembeni."

"Nikimweka pembeni anageuka kasuku, Kaka."

"Baba alisema ndege atazame vifungo. Duka hili halijawahi kutoa ndege anayekodolea watu macho."

Wifi alisogea, akainamisha kichwa. "Mimi siingilii mambo ya ukoo wenu," alisema, "ila namwona paka. Paka aliyeazima koti la kuku."

Naye alisema kweli. Masikio yale na macho yale ya mbele yalikuwa ya paka mtupu. Darubini alipopita jioni kuulizia kazi, alikuta nembo mbili mezani, kasuku na paka, na fundi ameegemeza shavu mkononi. Hakutania tena.

"Fundi, umewahi kumwona bundi?"

"Nimemsikia tangu nizaliwe."

"Kumsikia si kumwona. Kesho asubuhi naenda kukagua njia ya miamba. Njoo umwone mchana, wakati amepumzika."

"Na mimi naenda," alisema wifi kabla hajaulizwa. "Siwezi kumwacha wifi yangu apelekwe msituni na mtu anayeongea na ndege."

"Na pasi?" kaka aliuliza.

"Mume wangu, si unaijua ilipo?"

Walianza kupanda jua likiwa bado laini. Mama Tarizi alivaa aproni yake ya kazi na kuijaza rili za uzi wa rangi mbalimbali, zikigongana mfukoni kila alipopiga hatua. Wifi alivaa viatu vya kanisani, kwa maelezo kwamba mtu akianguka mlimani ni afadhali aokotwe akiwa nadhifu. Kabla hawajafika kwenye misonobari alikuwa amevivua, amevishika mkononi.

Darubini aliongea njia nzima. Aliwaonyesha kigogota akipanda shina la mti kwa kuruka wima, huku mkia wake mgumu ukimtegemeza kama mguu wa tatu. Aliwaonyesha kunguru wa mlimani mwenye doa jeupe kisogoni na mdomo mnene kama patasi. Mama Tarizi alimjua mmoja tu, chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magodoro, anayekuja kwenye maua mekundu ya dirishani kwake.

"Yule ni dume," alisema, akimwonyesha mmoja aliyetua mbele yao. "Nimejaribu kupata uzi wake. Ukimtazama hivi ni kijani, akigeuka ni zambarau, akienda kivulini ni mweusi."

Darubini alisimama. "Manyoya yenyewe hayana rangi zote hizo. Ni mwanga unavyoyapiga. Hutaupata uzi huo."

"Afadhali," alisema Mama Tarizi. "Nilidhani duka la nyuzi linanificha."

Chini ya jabali la kwanza, wifi aliona kitu majanini, mviringo wa kijivu, laini, wa ukubwa wa kidole gumba. Akakiokota.

"Wifi, sufu hii. Kuna mtu anafuma huku?"

"Bundi anameza panya mzima," Darubini alisema taratibu. "Nyama inakwenda tumboni. Manyoya na mifupa anavikusanya, anavitapika hivyo ulivyoshika."

Wifi alikirudisha kile kidonge palepale alipokiokota, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, kisha akafuta mkono kwenye aproni ya wifi yake. Mama Tarizi naye alikuwa ameinama kwa ajili ya jambo jingine. Aliokota unyoya mrefu wa kahawia wenye mistari, akaupitisha kwenye vidole, akausogeza karibu na macho.

"Pindo limechambuliwa," alisema. "Tazameni. Ukingo huu una nyuzinyuzi, kama pindo la shali."

"Ndiyo maana bawa lake halisikiki," alisema Darubini. "Upepo unakatwa vipandevipande pale ukingoni. Panya anashtukia yuko hewani."

Lakini bundi mwenyewe hakuonekana. Darubini alipekua miamba kwa darubini yake kila pembe, akaanza kujikuna shingo. Mahali bundi alipozoea kulala palikuwa patupu. Jua lilipanda. Mama Tarizi alikaa juu ya jiwe na mkono wake ukaingia mfukoni, ukawa unazungusha rili moja kwa kidole gumba. Alikuwa akifikiria kile chumba cha ndani na makopo ya vifungo.

"Hao nao wanagombania nini?" wifi aliuliza.

Aliinua kidevu kuelekea kwenye bonde dogo upande wa kushoto. Kulikuwa na makelele huko: ndege wadogo wakipiga kelele kwa pamoja, kwa hasira, bila kupumzika.

Darubini aligeuka. "Umewasikia tangu lini?"

"Tangu tumekaa. Nilidhani ndivyo walivyo. Kwetu bombani asubuhi wanawake tunaongea hivyohivyo mtu akiruka foleni."

"Shemeji, wewe ndiye mwongoza wageni, mimi ni mbeba mizigo," alisema Darubini, tayari ameanza kutembea. "Ndege wadogo wakimwona bundi mchana wanamzunguka wanamtukana. Wanataka kila mtu ajue alipo. Hawezi kuwawinda kundi zima likimpigia kelele, basi anavumilia."

Walinyata. Shorwe, chozi na wengine ambao Darubini hakupata nafasi ya kuwataja walikuwa wakiruka mbele ya upenyo katika mwamba, wanakwenda na kurudi. Na ndani ya upenyo, juu ya ukingo wa jiwe, alikuwa amekaa bundi.

Kwanza Mama Tarizi aliona jiwe tu, kisha jiwe likawa na manyoya. Hakuwa kahawia. Alikuwa na kahawia, kijivu, rangi ya udongo mkavu na nyeusi, zote zimechanganywa katika manyoya yaleyale, kama gome la mti. Uso wake ulikuwa bapa kama sahani. Vile vishungi, Darubini alinong'ona, si masikio kabisa, ni manyoya tu. Masikio yenyewe yamefichwa ubavuni mwa uso. Kifua chake kilielekea kulia, kwenye bonde. Alikuwa ameshawachoka wale ndege wadogo, amefumba macho.

Kijiwe kikabingirika chini ya mguu wa wifi.

Bundi hakusogea. Kifua kilibaki kulekule bondeni, mabawa yamefungwa, kucha zimeshika jiwe. Uso peke yake ndio uliozunguka, polepole, kama mfuniko wa chupa, mpaka ukawatazama watatu wote. Macho yakafunguka, makubwa, rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi. Kope la juu likashuka na kupanda kama la mtu.

"Macho yake hayawezi kugeuka ndani ya kichwa," Darubini alinong'ona. "Akitaka kukutazama ni lazima ageuze shingo. Inafika hata nyuma ya mgongo."

"Ndivyo alivyonitazama mama yenu, Mungu amrehemu," wifi naye alinong'ona. "Mwili kwenye sufuria, uso mlangoni kwangu. Miaka yote ile sikuwahi kuiba hata kipande cha nyama."

Mama Tarizi alianza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha akaacha ghafla. Alitoa rili mfukoni, moja baada ya nyingine, akawa anaziinua mbele ya jicho kuzilinganisha na bundi. Bundi naye alimtazama, kifua bondeni, uso kwake, na hakuna kati yao aliyeonyesha haraka.

Alipofika dukani hakula. Aliketi dirishani, akabana kitambaa kwenye duara lake la mbao, akachora kifua ubavuni, kikielekea vifungo, bawa moja likionekana. Halafu juu ya kifua hicho akachora uso wa kutazama mbele. Alitia nyuzi mbili kwenye sindano moja, ya kijivu na ya kahawia, ili rangi zichanganyike zenyewe ndani ya kila mshono. Mpaka Jumamosi hakuzungumza na mtu isipokuwa kuomba mkasi.

Asubuhi ya Jumamosi Darubini alikuja mapema, akalivaa sweta, akasimama mbele ya kioo cha duka. Alisogea kushoto, akasogea kulia. Akajikohoza.

"Popote nikienda ananiangalia," alisema.

Kaka aliacha cherehani yake, akaja akasimama mbele ya Darubini, mikono nyuma. Wifi alisimamisha pasi wima. Mama Tarizi alibaki amekaa, ameshika kiti chake kwa mikono miwili.

"Hatazami vifungo," kaka alisema.

"Kifua chake kinatazama vifungo, Kaka. Kucha pia. Mkia umeelekea kwapa kama mikia yote. Ni shingo tu imegeuka, na ndivyo anavyokaa. Nimemwona mwenyewe."

Kaka alitoa futi shingoni. Hatujui alikusudia kupima nini, pengine hata yeye hakujua. Aliiweka kifuani kwa bundi, kutoka bawani hadi kwenye kifungo, akaikunja, akairudisha shingoni. Akatazama kucha, akatazama mkia, akatazama shingo, mpaka Darubini akaanza kusikia joto ndani ya sweta.

"Baba alisema ndege," kaka alisema mwishowe. "Hakusema shingo."

Darubini aliondoka na sweta mwilini. Mkutano ulikuwa wa asubuhi, lakini mchana ulifika, wateja waliingia na kuigonga mashine kwa magoti, na hakukuwa na habari. Wifi, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, alipiga pasi shati moja mara mbili. Kaka alianza kuitoa shuka kwenye mashine, akairudisha tena.

Darubini alionekana jua likiwa limeshaegemea mlimani. Alikuwa amebeba furushi begani, na nyuma yake kulikuwa na jingine juu ya mkokoteni.

"Mbona mmechelewa?" wifi aliuliza.

"Walikuwa wanabishania kofia, watie bundi pia au wasitie. Sweta halikuwa na mjadala. Mwenyekiti aliingia nikiwa nimesimama mlangoni, akaniangalia kifuani, akasema shikamoo. Kisha akaona aibu, akajifanya alikuwa ananiamkia mimi, na mimi ni mdogo wake."

Mama Tarizi aliachia kiti. Aliinuka, akapokea furushi la kwanza, akalifungua mezani kwake chini ya dirisha, akaanza kuyapanga masweta kwa ukubwa. Kaka alimtazama, akatazama mashine, akatazama ile soketi. Kisha akaenda dukani kwa fundi umeme, akarudi na waya mrefu.

Mashine ya matundu sasa imekaa pale ilipokuwa meza ya pasi, na meza ya pasi imehamia barazani. Wifi alilalamika kwa siku kadhaa, mpaka alipogundua kwamba barazani anaona mtaa wote, na ndege pia. Amekuwa hodari wa kujua ndege kuliko alivyotaka mwenyewe. Anamjua kunguru mwenye doa kisogoni, anamjua kipanga kwa namna njiwa wa jirani wanavyotawanyika, na Darubini hupita kumwuliza wamegombana wapi leo.

Juzi alikuwa anapiga pasi gauni la harusi la mtu, akasimama.

"Wifi, kelele. Kwenye msonobari wa shule."

Ndani, chini ya dirisha, Mama Tarizi alikuwa kwenye jicho la pili la bundi, mahali ambapo uzi hauachiwi. Mikono ilibaki kwenye kitambaa, magoti yalibaki yameelekea meza. Uso peke yake uligeuka, taratibu, mpaka ukafika mlangoni.

"Yule yule mama yenu," wifi alisema, akarudi kwenye gauni.